Nyumba hii haiuzishwe: ukinunua parseli Mabanga, unanunua nini?



Ukiacha barabara kubwa na kuingia ndani ya Mabanga, Nord ao Sud haidhuru, utaona kuta za majiwe meusi, manjanja yenye kutu, bidoni za njano zimepanga mstari kwenye robine, na hapa na pale maandiko ya rangi nyekundu juu ya ukuta: "Parcelle non à vendre". Wengine wanaandika kwa lugha yetu: "Nyumba hii haiuzishwe". Maandiko ya namna hii yako Kinshasa, yako Dar es Salaam, yako Nairobi pia. Popote yalipo yana maana moja: mwenye nyumba anaogopa kwamba mtu mwingine atapokea pesa ya nyumba yake.

(Nifungue mabano kwanza. Kwenye midomo ya watu wengi wa Goma, "kuuza" ni kununua, na "kuuzisha" ni kutoa kitu ili upewe pesa. Wakenya na Watanzania wanatumia "kuuza" kwa kinyume chake. Nimeona mazungumzo ya bei yakiharibika kwa simu juu ya neno hilo moja tu. Hapa nitasema "kununua" na "kuuzisha", ili tusichanganyikiwe.)

Nani anaweza kuuzisha nyumba isiyo yake? Mtoto mmoja kati ya watano. Shemeji aliyeachiwa funguo. Mpangaji aliyekaa miaka mingi mpaka watu wakasahau kwamba ni mpangaji. Kopo moja la rangi ni bei rahisi kuliko avoka, njo maana watu wanapaka.

Mimi nilipata lisanse ya agronomia. Tangu siku ile, kila ndugu anayetafuta parseli ananipigia simu.

"Yaya, kuja uniangalilie parseli, weye ulisomea udongo."

"Udongo gani, mdogo wangu? Kule kuko paka majiwe."

Anayejua Lingala atacheka, kwa sababu "mabanga" kwa Lingala ni mawe. Na kweli, mji wetu umekaa juu ya mawe yaliyotoka Nyiragongo. Tulifundishwa kupima shamba kwa kile linachotoa: kina cha udongo, mboji, maji yanayobaki baada ya mvua. Ukitumia kipimo hicho Mabanga, bei ya parseli ingekuwa karibu na bure. Nenda uangalie mahali ambapo lava ya 2002 iko wazi bado. Kitu cha kwanza kushika jiwe ni kuvu ya kijivu, ile tunayoiita likeni, kiisha majani kama ya feri kwenye nyufa, kiisha majani mengine. Miaka zaidi ya 20 imepita na mahali pengi bado ni jiwe. Mama anayetaka lenga-lenga nyuma ya nyumba analeta udongo kwa gunia, anaupanda ndani ya gunia hilohilo, na anaumwagilia maji aliyosafishia mboga. Udongo wa Masisi na Rutshuru, uliozaliwa na volkano hizihizi lakini zamani sana, unalisha mji mzima. Hata hivyo mita moja ya mraba ya Mabanga inaishinda bei mbali kabisa.

Basi kama si udongo, bei inatoka wapi? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunafikiri tunanunua mita 10 kwa 15 na nyumba ya mbao juu yake. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya tunachonunua ni kazi ambayo majirani wamekwisha kuifanya pamoja, na hakuna karatasi hata moja inayoitaja.

Tuanze na maji. Tuko kando ya ziwa Kivu, moja ya maziwa yenye kina kirefu Afrika, na bado maji ni kesi ya kila asubuhi. Sababu ni rahisi: ziwa liko chini, Mabanga iko juu, na maji lazima yasukumwe na pampu. Pampu inataka umeme. Umeme ukikatika, robine inanyamaza. Fanya hesabu kama ile tuliyokuwa tunafanya ya kumwagilia shamba. Familia ya watu 7, kila mtu litre 20 kwa siku, kiasi ambacho si cha kifahari: hizo ni litre 140, yaani bidoni 7. Kwa mwezi wa siku 30 ni bidoni 210. Kila bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi anayeibeba ni msichana wa miaka 12. Sasa linganisha parseli yenye robine kwenye kona na nyingine ambapo unatembea robo saa kwenda na robo saa kurudi. Bidoni 210 kwa nusu saa moja moja ni masaa 105 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi ya mtu mmoja anayefanya masaa 8 kwa siku. Komisionere atakuambia "maji iko karibu, mukubwa". Muulize ni robine ya nani, inafunguliwa saa ngapi, na wiki iliyopita ilifunguliwa mara ngapi. Kiisha usimwamini, waulize watoto wenye bidoni.

Umeme ni habari fupi zaidi. Kuko SNEL, kuko laini za Virunga Energies zinazoleta umeme kutoka mtambo wa maji wa Matebe kule Rutshuru, kuko Nuru na paneli zake za jua. Kila moja ina nguzo zake na avenyi zake. Kuona waya juu ya paa haitoshi. Uliza keshi pawa iko kwa jina la nani, na kama nyumba mbili tatu zinakula kwa keshi pawa moja. Nyumba nyingi zinazouzishwa "zenye umeme" zina umeme wa jirani.

Choo, ndugu zangu, tuseme wazi. Mji wetu hauna mifereji ya kuchukua maji machafu, kila mtu na shimo lake. Kuchimba ndani ya lava ni kazi ya nyundo na chuma, siku nyingi, pesa nyingi. Njo maana unaona vyoo vya kupanda ngazi: shimo liko nusu ndani ya jiwe, nusu juu, limezungushiwa ukuta. Shimo lililochimbwa vizuri kina cha mita tatu linaweza kuwa na thamani kuliko chumba cha pili. Shimo la mita moja litajaa haraka, na kipindi cha mvua majirani wa chini ndio watakaojua habari zako. Mimi nikiitwa kuangalia parseli, choo nakiangalia kabla ya nyumba. Watu wananicheka, lakini nyumba ya mbao inabadilishwa kwa wiki mbili, shimo hapana.

Halafu njia. Parseli za Mabanga zimekatwa na kukatwa tena. Baba alikuwa na parseli nzima, akauzisha nusu ya mbele ili asomeshe watoto, na nusu ya nyuma ikabaki na kanjia ka mita moja pembeni ya ukuta. Kanjia hako si ka mtu, ni ka maelewano. Mjenga mpya wa mbele akisogeza ukuta wake sentimita 40, chukudu haipiti tena, na siku ya kilio jeneza halipiti. Nimewahi kuona jeneza likipitishwa juu ya ukuta, wanaume sita huku na sita kule. Tangu siku ile, ninapopima parseli ya nyuma, napima njia kwanza.

Na mwisho watu wenyewe. Nyumba kumi anayejua nani alizaliwa wapi. Salongo ya kuondoa takataka kwenye mtaro. Likirimba ya akina mama, ambayo ilinunua viti vya plastiki vinavyotumika kwa arusi na kwa matanga. Filimbi ya usiku: mmoja akipiga, wote wanapiga, na sufuria zinaitika. Avenyi yenye filimbi inapangishwa vizuri kuliko avenyi isiyo nayo, hata kama nyumba ni zilezile. Hakuna mtu aliyeandika hilo kwenye tangazo la kuuzisha, lakini liko ndani ya bei.

Hao majirani ndio pia ushahidi wako. Hapa nataka kueleza upande wa karatasi, kwa sababu hata kati yetu walisansie wengi hatuujui.

Kwa sheria ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973 inayohusu mali na ardhi, udongo ni mali ya Serikali peke yake. Hakuna mtu Mabanga anayemiliki ardhi. Anachokuwa nacho raia ni haki ya kuitumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu, ya kurithishwa na ya kuhamishwa kwa mwingine. Kwa kawaida unaanza na kontra ya lokasio ambayo Serikali inakupa, unajenga, wanakuja kuona kwamba umejenga, kiisha unapata karatasi kubwa: sertifika, cheti cha uandikishaji, kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Sheria inasema haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa na cheti hicho tu.

Sasa fungua sanduku la mama yako uangalie kama kiko. Familia nyingi za kwetu zina fishi ya parseli, ao akti ya kununulia iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie, ao barua ya zamani iliyoliwa na mende. Karatasi hizo si bure, zinaonyesha historia ya nyumba. Lakini mbele ya cheti zinainama. Na kuna jambo ambalo linapaswa kutunyima usingizi kidogo: cheti kikishakaa miaka 2, hakivunjwi tena kirahisi. Mtu akikipata kwa ujanja juu ya nyumba ya familia yako na ninyi mkanyamaza, baada ya hapo mnaweza kubaki mnadai fidia tu, si nyumba. Kwa hiyo lile swali la "huyu mtu anapima nini pale kwetu?" halingoji likizo ya Desemba.

Na nyumba ikibadilisha mkono, akti ya mkononi haitoshi. Inapaswa kupita kwa notari, na konservateri anafuta cheti cha zamani na kutoa kipya kwa jina la mnunuzi. Wengi wanaishia kwenye akti, kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya uchovu. Matokeo yake, ukienda ofisini nyumba iko bado kwa jina la mzee aliyeuzisha na aliyekufa zamani, na watoto wake hawajui kama aliuzisha.

Sasa nieleze kitu kilichotokea kwenye avenyi yetu, majina nayaacha. Mzee mmoja alifariki, akaacha mjane na watoto watano. Mkubwa alikuwa anaishi Kampala. Siku moja alikuja na komisionere na mnunuzi, mtu mstaarabu mwenye haraka. Walikuwa wamekwisha kupatana bei na mnunuzi alikuwa ametoa nusu. Walitaka sahihi ya nyumba kumi kama shahidi. Nyumba kumi wetu ni mzee wa maneno machache.

"Mama yako anajua?" akauliza.

"Chefu, mie njo mukubwa wa familia. Ni nyumba ya baba yangu."

"Sijauliza nyumba ya nani. Nauliza mama iko wapi. Na badada yako bako wapi?"

"Ba dada biliisha olewa."

"Kuolewa si kufa."

Hakutia sahihi. Majirani wawili walikataa vilevile. Mnunuzi, na hapa namsifu, alielewa haraka kuliko muuzishaji. Aliomba familia yote iitwe, hata walio mbali wasikike kwa simu, na PV ya kikao iandikwe. Kikao kilichukua Jumapili tatu, na watu walilia. Mwishoni nyumba iliuzishwa kweli, kwa sababu mama mwenyewe alitaka kwenda kukaa karibu na binti yake, lakini iliuzishwa kwa sahihi sita, na pesa ilihesabiwa mezani mbele ya wote.

Yule mkubwa hakuwa mwizi. Alikuwa na deni, na aliamini kabisa kwamba mtoto wa kwanza wa kiume anachukua nafasi ya baba. Wengi wanaamini hivyo. Sheria ya familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema kingine. Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Tuseme nyumba imeuzishwa dola 20,000 na komisionere anachukua 10 kwa mia. Baki ni 18,000. Kama baba na mama walioana kisheria bila kuchagua mpango mwingine wa mali, na nyumba walipata pamoja ndani ya ndoa, nusu ni ya mama tayari, kabla ya kuzungumza urithi: 9,000. Nusu ya baba, 9,000, ndiyo urithi. Robo tatu zake ni za watoto wote, wasichana kwa wavulana, na hata waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai: 6,750. Gawa kwa watano, kila mmoja 1,350. Robo iliyobaki, 2,250, inakwenda kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake, kila kundi 750.

Angalia vizuri. Mtoto mkubwa aliyefikiri ana dola 20,000 ana 1,350. Komisionere ana 2,000. Mama, ambaye hakuulizwa, ana 9,750.

Mtaniambia hakuna familia Mabanga inayogawa hivyo. Ni kweli, nyingi zinapatana kwa njia yao, na mapatano ya amani ni mazuri kuliko tribinali. Lakini mapatano yanapaswa kuanza kwa kujua nani ana nini. Mama anayejua kwamba 9,750 ni zake anaweza kuwaachia watoto wake sehemu kwa moyo mweupe. Asiyejua anahamishwa kama kabati. Na sharti moja linauma: hesabu hii inamlinda mama aliyefunga ndoa kwenye komine, ao ambaye ndoa yake ya kimila iliandikishwa. Wamama wangapi wa avenyi zetu waliposwa, ng'ombe wakatolewa, watoto sita wakazaliwa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha? Ukiwa na wazazi hai katika hali hiyo, kuwapeleka komine ni zawadi kubwa kuliko televisheni.

Hata wazazi wote wawili wakiwa hai, nyumba waliyopata pamoja haiuzishwi na baba peke yake. Sahihi ya mke inahitajika. Mnunuzi anayeambiwa "mama amesafiri" asubiri arudi.

Kuna mambo mawili yanayofanya haya yote kuwa magumu zaidi kwetu kuliko mahali pengine. La kwanza ni mlima. Nyiragongo ilitoka 1977, ikatoka 17 Januari 2002 na kupasua katikati ya mji, ikatoka tena 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei 2021 tuliambiwa tuondoke, kartie kumi, Mabanga Nord na Mabanga Sud zikiwa ndani. Watu walikwenda Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda mashua. Wangapi walibeba akti ya nyumba? Tulibeba godoro na sufuria. Kama lava ingefika, jiwe lingefunika borne na kuta, na kilichobaki kingekuwa karatasi na kumbukumbu za jirani. Piga picha kila karatasi ya nyumba, mbele na nyuma, uitume kwa ndugu wawili wanaokaa miji miwili tofauti. Ni kazi ya dakika kumi, fanya hata leo jioni.

La pili ni vita. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Pesa ya mkononi ikawa adimu, na mwenye dola taslimu akawa mfalme. Wakati kama huo nyumba zinatolewa kwa bei ya kulia. Mtu anataka kuondoka kesho, gari linamngoja, anakubali nusu ya nusu. Kuna wanaosema ni biashara, kila mtu na bahati yake. Mimi naona mtu anayenunua hivyo ananunua kesi. Muuzishaji atarudi, ao watoto wake watarudi, na watasema hakukuwa na mapatano ila hofu. Karatasi zinazoandikwa katika siku ambazo mamlaka yenyewe yanabishaniwa zitakuja kuulizwa maswali. Kama lazima ununue, nunua polepole, mbele ya familia nzima na majirani wengi, na uache alama ya pesa, hata kama ni risiti ya mkono yenye sahihi nne. Na kama unaweza kupanga badala ya kununua, panga.

Neno moja kuhusu sisi wenyewe. Kazi hakuna, tunajua, na wenzetu wengi wenye lisanse wanafanya ukomisionere. Siwadharau. Ni kazi ya kweli, inataka miguu na subira. Lakini anayejua kusoma PV, anayeweza kwenda kadasta kuuliza kama namba ya parseli inalingana na jina, anayeweza kuandika orodha ya warithi na kuwapigia simu mmoja mmoja, huyo haombi asilimia kwa kufungua mlango tu. Anaomba kwa dosie iliyo safi. Nimeona mmoja wetu, wa sheria, anayefanya hivyo. Anauzisha nyumba chache kwa mwaka kuliko wenzake, na hakuna mtu anayemtafuta kwa hasira.

Siku ya kupokea nyumba, basi, nenda na mtu wa pili. Zunguka mipaka pamoja na majirani wa pande zote, kila mmoja aonyeshe borne yake kwa kidole, mpige picha. Kwenye avenyi yetu borne moja ilionekana chini ya rundo la takataka la miaka mingi, na aliyeijua alikuwa mama jirani ambaye hakuna mtu aliyefikiri kumwuliza. Soma keshi pawa na uandike namba. Uliza deni la robine, deni la ulinzi, deni la salongo, na mwondoe kwenye bei kabla ya kutoa pesa, si baada. Kama kuna mpangaji ndani, uliza alitoa garanti ya miezi mingapi na iko mkononi mwa nani, kwa sababu atakudai wewe. Na jina lako lipeleke kwa nyumba kumi jioni hiyohiyo, kabla hujalala pale.

Wenye mfano mzuri wa PV ya kikao cha familia, tafadhali mtume tuwape wadogo zetu. Na wale wa sheria, kama kuna mahali nimerahisisha sana, mniongezee chini.